TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 13: Haki ya mtoto si yako kuisamehe

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Natumai futari ya jana ilikaa vizuri na daku hamkulikosa. Leo naomba dakika zenu chache kwa jambo ambalo wengi tutaliona dogo, ila kwa mwenyewe ni kubwa sana.

Tuseme hivi. Asubuhi unamwandaa mwanao wa miaka minne kwenda chekechea. Unampa kikombe cha maji, anakisukuma. Unampa uji, anaonja kijiko kimoja anaacha. Kesho yake hivyo hivyo. Unacheka, unamwita baba yake: "Njoo umuone mwenzio, naye kafunga!" Mnampiga picha, mnamtumia bibi yake, bibi anarudisha dua ndefu. Siku ya tatu unamvalisha viatu, unamuuliza kwa mzaha, "Leo pia umefunga?" Anakujibu bila kukutazama: "Nikinywa maji nitakojoa. Nikikojoa mwalimu ataniita kikojozi."

Kumbe mtoto hakufunga. Anaogopa. Sisi wakubwa tunaacha maji kwa kumcha Allah, na jioni tuna furaha ya kufuturu. Yeye kaacha maji kwa kumwogopa mtu, na hana magharibi ya kuisubiri.

Wewe mzazi, hapo unafanya nini?

*Njia ya kwanza: kunyamaza*

Wengi wetu tutanyamaza, halafu tutaiita subira. Tutasema mwalimu ni mzazi wa pili, tutamkosea adabu. Tutasema hata sisi tuliitwa majina, tukachapwa, na leo si watu wazima hawa hapa? Na kwa kuwa ni mwezi mtukufu, tutaongeza: "Mimi nimefunga, sitaki maneno na mtu."

Tulipime hilo neno la mwisho. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba mtu akikutukana au akitaka kugombana nawe, umwambie umefunga. Maana yake, haki yako wewe ndiyo iliyoguswa, na wewe unaiacha ipite kwa ajili ya Mola wako. Unaweza, kwa sababu ni yako. Kusamehe ni kama sadaka, na sadaka mtu hutoa kwenye mali yake mwenyewe. Ukichukua mali ya yatima uliyokabidhiwa ukaigawa, hata ukiigawa kwa tabasamu, hiyo hatuiti sadaka.

Na heshima ya mwanao ni mali uliyokabidhiwa. Yeye ndiye aliyeumizwa, na hana ulimi wa kujitetea. Hawezi kwenda ofisini kwa mwalimu mkuu, hawezi kuhama shule. Ukisema "nimesamehe, yameisha", umesamehe cha nani? Jambo la kuumizwa yeye, thawabu za subira unazitaka wewe?

Kuna hofu nyingine, na hii siidharau: "Nikisema, mwalimu atamchukia mwanangu." Ni hofu ya kweli, wazazi wengi wanalala nayo. Lakini itazame vizuri. Kama kweli unaamini kwamba huyo mwalimu akiulizwa kwa adabu atamlipizia mtoto wa miaka minne, basi tayari unaamini kwamba unamwacha mwanao kila siku mikononi mwa mtu asiye salama. Kwa hiyo hofu yenyewe inakusukuma uende, haikuruhusu ukae.

*Njia ya pili: kuwaka*

Wengine hatunyamazi kabisa. Tunachukua simu, tunaingia kwenye kundi la wazazi, tunaandika kwa herufi kubwa: JAMANI HUYU MWALIMU WA WATOTO WADOGO NI KATILI. Dakika kumi hazipiti, mmoja kaleta hadithi ya mwaka juzi, mwingine kasikia kwa jirani, mwingine kaanza kuzungumzia ndoa ya mwalimu. Sisi tunaita hiyo kutetea haki. Lakini mpaka hapo hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwalimu, na mtoto kesho asubuhi atakisukuma kikombe vile vile.

Kuna mtu atasema, "Kwani kulalamika ni haramu?" Hapana. Hind bint Utba (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) akamlalamikia mumewe Abu Sufyan, kwamba ana mkono mzito, hampi matumizi ya kumtosha yeye na mtoto wake. Mtume hakumwambia "unasengenya". Alimpa suluhisho: achukue kwa wema kinachomtosha yeye na mwanawe. Na Imam Nawawi, alipoeleza mahali ambapo kumtaja mtu kwa ubaya wake kunaruhusiwa, alitaja wazi mtu aliyedhulumiwa kumpelekea shauri lake mwenye uwezo wa kulitengeneza.

Kipimo ndicho hicho. Kumwambia mwenye uwezo wa kurekebisha ni kudai haki. Kuwaambia watu themanini wasio na uwezo wa lolote zaidi ya kuongeza chumvi ni kusengenya, hata kama uliyoyasema ni ya kweli. Na mnaikumbuka hadithi ya muflisi wa siku ya Kiyama, anayekuja na sala na funga na zaka, kisha vyote vinagawanywa kwa watu aliowatukana na kuwazulia. Itakuwa hasara ya ajabu tukishinda na njaa mpaka magharibi, halafu thawabu zote tuziandike kwa dole gumba kwenye simu kumpelekea mwalimu wa chekechea.

*Njia ya tatu: kwenda kuuliza*

Katika Surat Saad tunasimuliwa wagombanao wawili waliomwingilia Nabii Dawud (a.s.). Mmoja akasema: ndugu yangu ana kondoo 99, mimi nina mmoja tu, naye anamtaka huyo huyo. Nani asingekasirika? Dawud akatoa neno lake kwamba huyo kadhulumiwa. Kisha akatambua kwamba alikuwa kwenye mtihani, akaanguka akiomba msamaha. Baadhi ya wafasiri wamesema funzo lake ni hili: alihukumu kabla ya kumsikiliza wa pili. Nabii, tena mwenye hekima ya hukumu. Sasa sisi, tuliosikia sentensi moja wakati wa kuvaa viatu?

Simaanishi kwamba mtoto anadanganya. Mtoto wa miaka minne akiogopa, woga ni wa kweli, lazima uuheshimu. Lakini pengine neno "kikojozi" kalisema mtoto mwenziwe, mwalimu alikuwepo akacheka. Pengine mwalimu kalisema kweli, siku moja, amechoka, ana watoto arobaini na msaidizi hakuja, naye kafunga kama wewe. Na pengine, tujiulize kwa uchungu, mtoto alilisikia kwanza nyumbani, kutoka kinywani mwetu, siku alipolowesha godoro. Bila kuuliza hutajua.

Basi nenda. Usiende getini asubuhi wakati watoto wanaingia na wazazi wanapita. Omba dakika tano baada ya masomo. Salimia, muulize hali yake na funga yake. Kisha sema ulichokiona, usiseme ulichokihukumu. Kwa mfano:

"Mwalimu, leo siku ya tatu mwanangu hataki kunywa maji asubuhi. Anasema anaogopa akikojoa ataitwa kikojozi. Nimekuja unisaidie nielewe, na tuone tunamsaidiaje."

Halafu nyamaza. Hapa ndipo kunyamaza kuna thawabu. Mwache aseme. Atakueleza, au atashtuka, au atajitetea kwanza halafu ajirudi. Wengi wanaofanya kazi hii wanaipenda na mishahara yao ni midogo, na hakuna anayekuja kuwaona ila kulaumu. Ukimpa nafasi ya kurekebisha bila kumwaibisha mbele za watu, umemfanyia yeye kile unachotaka yeye amfanyie mwanao.

Lakini usiondoke na "sawa, tutaangalia". Ombeni kitu kinachoonekana: mtoto apelekwe chooni kwa saa maalumu bila kusubiri aombe, nguo ya akiba iwekwe kwenye begi, akijilowesha abadilishwe pembeni kimya kimya, na lile jina lisitamkwe na mtu yeyote darasani. Umri huu kujikojolea bado ni jambo la kawaida kabisa, na kumnyima mtoto maji kwenye joto hili letu kunaweza kumletea maradhi ya njia ya mkojo. Pangeni siku ya kuulizana tena, labda baada ya wiki. Ukikuta mambo ni yale yale, panda kwa mwalimu mkuu, kwa adabu ile ile na bila kuona haya.

*Tahadhari muhimu*

Adabu hii ya kuuliza kwanza ina mpaka wake. Mtoto akirudi na jeraha au alama za kupigwa, au akikuambia kuna mtu amemshika sehemu za siri, hapo usiende kufanya suluhu na mtuhumiwa wala usikubali kikao cha "kuyamaliza kifamilia". Mpeleke hospitali, nenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au piga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo. Hili ni kwa shule, kwa madrasa, na kwa nyumbani kwetu pia. Kanzu haimtoi mtu kwenye sheria.

*Neno kwa walimu walioko humu*

Najua mpo, wa shule na wa madrasa, na najua mnachoka. Mkumbuke bedui aliyeingia msikitini kwa Mtume (s.a.w.) akakojoa mle ndani. Mtu mzima, tena msikitini. Masahaba wakamwinukia, Mtume akawazuia wasimkatize. Akamwacha amalize, akaagiza ndoo ya maji imwagwe pale, na akamweleza kwa upole kwamba misikiti haikujengwa kwa ajili hiyo. Hakupewa jina la kumfuata maisha yake yote. Ikiwa mtu mzima alistahili ndoo ya maji na maneno laini, mtoto wa miaka minne anastahili nini?

Na Muawiya bin al-Hakam (r.a.), aliyekosea akazungumza ndani ya sala, alishuhudia kwamba hakupata kuona mwalimu bora kuliko Mtume, kwa kuwa hakumkaripia, hakumpiga, wala hakumtukana. Fikirini: miaka mingi baadaye, mwanafunzi anasimulia jinsi alivyotendewa siku aliyokosea. Wanafunzi wenu nao watasimulia.

*Turudi kwenye kikombe*

Ndugu yangu, dada yangu, mwezi huu tunajifunza kuvumilia kiu yetu. Tusiende mbali mpaka tukavumilia kiu ya mwingine. Ukiwa na jambo lako na mwalimu, samehe, huo ni ukarimu wako. Jambo likiwa la mwanao, wewe ni wakili tu, na wakili hana ruhusa ya kuifuta kesi kwa sababu anaona haya kusimama. Simama, kwa sauti ya chini, mlangoni pa mtu anayehusika.

*Kazi ya leo:* kabla ya tarawehe, kaa na mwanao chini, zima simu, muulize: "Leo shuleni nini kilikufurahisha? Na nini kilikuogopesha?" Kisha usimkatize, hata kama anazunguka. Na wewe mwenyewe, kama kuna jina la kejeli unalomwita ndani ya nyumba, liache leo.

Ewe Mola wetu, tupe ndimi za kusema haki bila ya kuumiza, na masikio ya kusikia kabla ya kuhukumu. Walinde watoto wetu, walipe kheri walimu wetu, na usitufanye sababu ya mdogo yeyote kulala na hofu. Tukubalie funga zetu. Amin.

Kesho inshallah tutaendelea. Ukimtumia mwenzio ujumbe huu, mtumie kwa nia ya kukumbushana, usimtumie mwalimu wa mwanao kama kijembe. Huyo mfuate ukazungumze naye.

Wassalaam alaykum warahmatullah.