Jina, Kiungo na Stara

Kutotambulika mtandaoni huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni sifa ya mtu mwenyewe, kama ulivyo umri wake au kimo chake, nayo humalizika pale anapoamua kulitaja au kulificha jina lake. Dhana hiyo haitoshi. Kila anayeandika, anayenunua, anayeuliza au anayelalamika mtandaoni ana jina alilopewa na wazazi, na jina hilo linajulikana na ndugu, majirani na waliosoma naye. Kinachokosekana anapokuwa hatambuliki ni kile kinachoweza kuitwa kiungo, yaani ule uhusiano unaomwezesha mtu mwingine kulifuata tendo hadi kwa mtendaji wake, au kulifuata jina hadi kwenye mambo ya mwenye jina. Kwa maana hiyo kutotambulika ni hali iliyo baina ya watu, na swali linalopasa kuulizwa ni nani anayekishika kiungo hicho, na kwa idhini ya nani.

Utafutaji wa jina la mtu mwenyewe unafaa kulichunguza jambo hili, kwa sababu hapo mtafutaji na mtafutwa ni mtu mmoja. Huandikwa kwanza jina lake na la baba yake, kisha majina hayo hutiwa ndani ya alama za nukuu ili mtambo wa utafutaji, yaani programu inayopekua kurasa za intaneti na kuzipanga kwa kufuata maneno yaliyoulizwa, usiyatenganishe. Matokeo yakizidi, huongezwa jina la babu, au mji, au shule. Mtu aitwaye Juma Hamisi au Asha Salim hugundua upesi kwamba amezungukwa na wajina wengi, huyu mchezaji wa mpira, yule marehemu, mwingine mshtakiwa, na kwamba yeye mwenyewe haonekani miongoni mwao. Utaratibu wa kumwita mtu kwa jina lake likifuatwa na la baba na la babu uliwatosha watu wa mtaa mmoja, ambako ukoo, kazi au lakabu vilimtenga Juma huyu na Juma yule. Ukihamishiwa katika mtambo usiojua mitaa, hugeuka kuwa kificho ambacho hakuna aliyekikusudia. Nacho kina gharama, kwa kuwa mwajiri anayepekua jina la mwombaji anaweza kumtwisha mmoja hatia ya mwingine, bila yeyote kati yao kupata habari.

Anayejikuta kweli, hasa nchini Tanzania, mara nyingi hujikuta katika maandishi ambayo hakuyaandika. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili, yanayotolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, huwekwa mtandaoni kama mafaili ya PDF yenye majina ya waombaji chini ya kada walizoomba, na orodha za waliochaguliwa kujiunga na masomo hufuata mtindo huohuo. Tangazo la namna hiyo lina kazi halali ya siku chache, nayo ni kumwarifu mwombaji aende wapi, lini, na achukue vyeti gani. Usaili ukishapita kazi hiyo imekwisha, lakini nakala za faili huendelea kuzunguka katika tovuti zinazoishi kwa habari za ajira, hivi kwamba mtu ambaye sasa ni mfanyabiashara au mwalimu mkuu bado anatajwa kuwa mwombaji wa kazi ya Dereva Daraja la II. Kuomba kazi ya udereva si aibu hata kidogo. Kinachoumiza ni kwamba habari pekee ya maisha yake iliyo hadharani imepangwa na karani asiyemfahamu, tena mwenyewe hakuulizwa iendelee kukaa hapo kwa muda gani.

Kujitafuta, hata hivyo, si kutazama tu. Katika Jamhuri ya Plato mna kisa cha mchungaji aliyepata pete ya kumfanya asionekane, na mjadala wa kutoonekana umeelemea tangu hapo upande wa maovu anayoweza kuyatenda mtu akiwa hana wa kumwona. Kisa hicho hakilingani na hali ya sasa, kwa kuwa mchungaji yule aliwaona wengine bila wao kumwona, ilhali anayejitafuta mtandaoni huonekana na mtambo uleule anaoutumia. Agosti 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani kumbukumbu za utafutaji wa watu wapatao 650,000, takribani maswali milioni 20 ya miezi mitatu, baada ya kuyaondoa majina na kuweka namba. Siku chache baadaye waandishi wa gazeti la New York Times walimfikia mmoja wa watu hao, wakiongozwa na maswali yake mwenyewe, yakiwemo yaliyohusu watu wenye jina lake la ukoo na huduma za mji alikoishi. Namba ilikuwa imelifunika jina ambalo mwenyewe alikwisha kulitamka. Ndivyo ilivyo kwa yeyote anayelitafuta jina lake ili ahakikishe kuwa limefichika: anaupa mtambo habari ambayo pengine haukuwa nayo, kwamba anayeitumia kompyuta hii anamjali mtu huyu kuliko wengine wote.

Latanya Sweeney, mwanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Harvard, amelionyesha tatizo hili kwa pande zake mbili. Mwaka 1997, akiwa bado mwanafunzi wa MIT, alichukua kumbukumbu za matibabu za watumishi wa jimbo la Massachusetts, zilizotolewa kwa watafiti bila majina, akazilinganisha na daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge alilolinunua kwa dola 20, akaipata kumbukumbu ya gavana William Weld. Baadaye alikadiria kwamba asilimia 87 ya wakazi wa Marekani wangeweza kutambuliwa kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta peke yake. Miaka ilipopita jina lake mwenyewe lilitafutwa, na kando ya matokeo likatokea tangazo la biashara lililodokeza kwamba aliwahi kukamatwa na polisi, jambo ambalo halikuwa kweli. Utafiti aliouchapisha mwaka 2013 ulionyesha kwamba matangazo ya aina hiyo yaliyafuata zaidi majina yanayopewa zaidi watoto weusi. Kiungo, basi, huweza kudumu jina likiwa limeondolewa, na huweza kutungwa pasipo tendo lolote.

Sheria imeanza kulielewa hili. Tarehe 13 Mei 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la raia wa Hispania ambaye jina lake, likitafutwa kupitia Google, lilileta matangazo ya mnada yaliyochapishwa gazetini mwaka 1998, yaliyohusu deni lililokwisha kumalizwa. Gazeti halikuamriwa kufuta chochote. Kilichotakiwa kukatwa ni njia inayotoka kwenye jina kwenda kwenye ukurasa, na hapo ndipo uzito wa hukumu ulipo. Mlalamikaji mwenyewe hakusahauliwa, kwani jina lake sasa linatajwa popote sheria hiyo inapofundishwa.

Maadili ya pwani ya Afrika Mashariki yana fikra iliyolikaribia jambo hili kabla ya mahakama, nayo ni stara. Mtu hajisitiri peke yake. Husitiriwa na jirani anayejua na kunyamaza, na kunyamaza huko ni wajibu. Aliyebeba wajibu wa namna hiyo katika zama za intaneti ni Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa Jamii Forums, jukwaa la mijadala la mtandaoni la Tanzania ambako wengi huandika kwa lakabu, aliyekamatwa Dar es Salaam Desemba 2016 na kushtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kwa kutowapa polisi taarifa za watumiaji. Ni kweli kwamba lakabu huwafunika pia watukanaji na wazushi, na aliyechafuliwa jina anastahili pa kukimbilia. Lakini mahali hapo pawe mbele ya hakimu, kwa sababu zilizotajwa na kupimwa, kwa kuwa anayefichua ubadhirifu wa bosi wake huenda hana kinga nyingine ya kutegemea.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi zinampa mtu nafasi ya kuomba taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Haki hiyo inamtaka kwanza ajue zilipo, yaani ajitafute, na kila anapojitafuta anakiongezea kiungo uzito. Ni uzito asiostahili kubeba yeye, ilhali anayebandika mtandaoni orodha ya walioitwa kwenye usaili anajua tangu siku ya kwanza usaili utafanyika lini na utakwisha lini. Namba ya maombi ingetosha mahali pa jina, na tarehe ya kuondolewa kwa faili ingeweza kuandikwa chini ya tangazo lenyewe.