Aliyenyang'anywa Ana Nini cha Kutoa?

Wahenga walisema: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo twaifahamu sote, na twaitaja upesi tunapomsifu mtu mkarimu. Lakini yafaa tuipime vizuri, maana katika nchi yetu ya Masisi imekuwa swali gumu. Mwenye zizi na ghala akiambiwa atoe, hana udhuru. Je, mama aliyekimbia na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, naye aambiwe atoe? Na yule aliyempokea, ambaye shamba lake ni hatua chache tu kutoka mlangoni, atoe mpaka wapi?

Wasomaji wanaoijua Kitshanga wafahamu kwa nini twauliza. Ardhi yetu ina rutuba. Maharagwe, viazi na mahindi vyasitawi, vilima vina malisho ya kijani, na jibini ya Masisi inajulikana mbali. Mgeni akitazama kutoka juu ya kilima angesema: Hii ni nchi ya utele. Lakini wenyeji wameona mengine. Kwa miaka mingi Kitshanga ilikuwa kimbilio la watu wa vijiji vya jirani. Kambi za Kahe na Mungote zilijaa, na wengine wengi walipokewa katika nyumba za watu. Kisha, Februari na Machi 2013, mapigano kati ya jeshi na kundi la APCLS yaliteketeza nyumba nyingi za mji. Tena tarehe 26 Januari 2023 M23 waliingia, na maelfu wakashika njia. Hivyo mji huu umekuwa mji wa kupokea, tena mji wa kukimbiwa. Mwenyeji wa mwaka mmoja amekuwa mgeni wa mwaka mwingine.

Basi utele ni nini? Kama ungekuwa wingi wa mali, mnyang'anyi ndiye angekuwa mtu wa utele kuliko wote. Fikirini ile kodi ambayo vikundi vya silaha vimewatoza watu wa vijijini mwezi kwa mwezi, wakaiita "lala salama". Jina lake ni tamu, jambo lenyewe ni chungu. Anayetoza hupokea leo, hupokea mwezi ujao, wala hasemi kamwe: Yatosha. Kwa sababu gani? Kwa sababu yeye naye anaogopa. Anamwogopa adui yake, anamwogopa hata mwenzake anayelala kando yake. Uhaba wake hauko ghalani, uko moyoni. Hapo twajifunza mambo mawili. Kwanza, kitu kilichotolewa kwa hofu si zawadi, wala aliyekitoa asihesabiwe kuwa ametoa sadaka, huyo ameibiwa. Pili, uchoyo ni mtoto wa hofu. Mtu hushika sana kile anachodhani kuwa ndicho kinachomshika yeye.

Imani ya Kikristu huingia hapo penye mzizi. Hofu husema: Kilichopo ni kichache, kikinitoka nimekwisha. Imani husema: Uhai wangu nilipewa bure na Baba, na mkono ulionipa haujafumba. Asadikiye hivyo, kiganja chake huanza kufunguka, hata kama ndani yake mna kopo moja tu la maharagwe. Huo ndio moyo wa utele. Haungoji ziada.

Lakini tuangalie tusidanganyike. Siku hizi wako wanaohubiri kwamba ukimtolea Mungu leo, kesho atakurudishia mara mia, fedha kwa fedha. Hiyo si imani, ni biashara. Injili ya Marko yatueleza habari za mjane maskini aliyetia sarafu mbili ndogo katika sanduku la hekalu, navyo ndivyo vyote alivyokuwa navyo. Yezu alimsifu mbele ya wafuasi wake. Injili haisemi kwamba mama huyo alirudi nyumbani akakuta mfuko umejaa. Alikwenda zake na mikono mitupu, naye ndiye aliyetoa kuliko wote.

Labda mtu atauliza: Je, mama awanyime watoto wake ili amlishe mgeni? Hapana. Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa wa miaka ya 1200, alifundisha kwamba mapendo yana utaratibu wake, na kwamba kwa kawaida mtu asitoe sadaka kitu ambacho bila hicho yeye na watoto wake hawawezi kuishi. Mungu hapendezwi na sadaka inayoua. Lakini tukumbuke pia ya kuwa hofu ni hodari wa kuongeza hesabu ya mahitaji. Husema "cha lazima" juu ya mambo mengi yasiyo ya lazima. Tena chakula si kitu pekee cha kutoa. Kuna nafasi kando ya moto usiku wa baridi ya milimani. Kuna jembe la kuazima. Kuna kipande cha shamba cha kulimwa kwa msimu mmoja. Kuna saa moja ya kukaa na mgonjwa. Na mgeni naye si tumbo tu: amekuja na mikono yake, mbegu anazozijua, habari na sala zake. Tukimfanya awe mtu wa kupokea siku zote, twamnyang'anya mara ya pili.

Jaribio kubwa la moyo wa utele, hata hivyo, si kiasi cha kitu. Jaribio ni hili: Nani atakula? Maandiko yasimulia habari za mjane wa Sarepta wakati wa ukame. Alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, akaokota kuni ili apike chakula cha mwisho, yeye na mwanawe. Eliya akamwomba mkate. Eliya hakuwa ndugu yake. Alikuwa Mwisraeli, naye mama alikuwa mtu wa nchi ya Sidoni. Akampa. Tazameni vizuri: hatusomi kwamba alitajirika. Twasoma tu kwamba unga haukuisha, wakala yeye, mwana na mgeni. Na Yezu alipowakumbusha watu wa Nazareti habari hiyo, walikasirika hata wakataka kumtupa kutoka ukingo wa kilima. Hawakukasirika kwa sababu ya mkate, bali kwa kuambiwa kwamba neema ilipita kwenye mlango wa kabila nyingine.

Sisi wa Masisi, Wahunde, Wahutu, Watutsi, Wanyanga, Watembo na wengineo, tusisome habari hiyo kama ya zamani. Ni rahisi kumpa mtu anayeitikia salamu kwa lugha ya mama yetu. Ukarimu unaokoma kwenye mpaka wa kabila haujatoka bado katika nyumba ya hofu.

Tena upo ukarimu wa kutoa, na upo ukarimu wa kukataa kupokea. Mwenye heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyezaliwa 1981, alikuwa mtumishi wa ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa. Alikuwa pia mtu wa Jumuiya ya Sant'Egidio, akiwahudumia watoto wa mitaani wale waitwao maibobo. Aliletewa fedha ili aache chakula kilichooza kipite mpakani kiuzwe kwa watu. Alikataa, na Julai 2007 akauawa, umri wake miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenye heri, huko Roma. Aliwapa nini watu wa Goma? Hawakuona kifurushi chochote mikononi mwake. Aliwapa afya yao, na wengi hawakujua.

Mfano wake watuonyesha pia kwamba wema hauondoi haki. Mwenye malisho mapana asijifariji kwa kuona maskini wanagawana viazi, wala mwenye silaha asiseme: Watu hawa wamezoea kuvumilia. Kugawana kwa maskini ni ushahidi dhidi yao wote wawili.

Basi, wasomaji wapendwa, aliyenyang'anywa ana nini cha kutoa? Anacho kile ambacho mnyang'anyi hakukiona alipopekua nyumba. Tumwombe Mungu atuondolee hofu kwanza. Kisha jioni, chungu kinapoinjikwa, kila mmoja atazame njia na kuuliza ni nani jirani ambaye hajawasha moto leo.