Nyama Mbichi na Meno ya Bibi

Mbuzi akichinjwa kwetu Kitangari asubuhi, ikifika adhuhuri karibu nyama yake yote imeshapita kwenye moto au moshi. Maini na figo hutangulia kwenye makaa. Kichwa, miguu na utumbo huenda kwenye supu. Mnofu unaobaki hupasuliwa vipande virefu, hutiwa chumvi na kutundikwa juu ya mafiga, maana nyumba nyingi hazina friji na joto halimsubiri mtu. Hata panya wa mashambani, wale tunaowaita samaki nchanga, hawaliwi hivi hivi. Hubabuliwa manyoya, hupasuliwa tumbo, huchemshwa kwa chumvi, kisha hubanikwa mpaka wakauke. Katika uwanda wote huu wa Makonde, kuanzia Newala hadi unapoteremka kuelekea Masasi, sijapata kumwona mtu mzima akikata pande la paja na kulitia kinywani likiwa bichi.

Basi mpwa wangu anayefanya kazi Dar es Salaam aliponiambia kwenye simu kwamba ameacha kupika nyama, nilikaa kimya kwanza. Akanieleza utaratibu wake. Hununua nyama ya ng'ombe buchani, huigandisha siku kadhaa, huikata nyembamba, huikamulia limau na kula. Mayai pia huyanywa mabichi. "Mjomba," akasema, "wazee wa zamani za kale hawakuwa na sufuria. Tulianza kuugua sukari na presha tulipoacha chakula chao." Kwa Wamakonde, mtoto wa dada ni wa mjomba wake. Akilazwa hospitali, mimi ndiye nitakayeitwa kwenye kikao cha ukoo niulizwe nilikuwa wapi. Sikuweza kulicheka neno lake na kulipita. Nikaamua kulisoma jambo hili mpaka nilielewe.

Wazo la kurudia chakula cha watu wa Enzi ya Mawe si geni. Daktari mmoja wa Marekani, Walter Voegtlin, alitoa kitabu juu yake mwaka 1975. Mwaka 1985 Boyd Eaton na Melvin Konner wakaandika katika jarida la tiba la New England kwamba miili yetu bado ni ya wawindaji na wachimba mizizi, ilhali sahani zetu zimebadilika. Mwaka 2002 Loren Cordain akalifikisha wazo hilo kwa watu wa kawaida kwa kitabu kilichouzwa sana. Hao wote hawakumkataza mtu kuchoma nyama yake. Waliosema moto wenyewe ndio adui ni tawi jingine, na mhubiri wake aliyejulikana zaidi alikuwa Aajonus Vonderplanitz wa California, aliyefariki mwaka 2013. Miongoni mwa wafuasi wake wapo wanaoifungia nyama kwenye chupa wiki nyingi mpaka ioze, kisha wakaila kama dawa.

Malalamiko yao juu ya chakula cha siku hizi nayakubali. Nimeona vijana wa Newala mjini wakishinda na soda na chipsi zilizokaangwa kwa mafuta yaliyokwisha kuwa meusi, na nimeona kliniki za kisukari zikijaa watu wa umri wangu. Mtu anayesema tupunguze sukari, unga mweupe na mafuta ya kurudiarudia anasema kweli, nami namuunga mkono. Ninapoachana naye ni pale anapodai kwamba wazee wa kale wako upande wake.

Wazee hao tunao hapa nchini. Olduvai, alipofukua Mary Leakey fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, kuna mifupa ya wanyama yenye umri wa karibu miaka milioni 1.8 iliyochorwa alama za mawe makali. Walioila nyama hiyo hawakuing'ata tu. Waliikata, na mifupa waliivunja kwa mawe wapate uboho. Sokwe wa Gombe hutuonyesha maisha ya asiyekuwa na jiwe wala moto. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, na kabla mwaka haujaisha aliwaona wakila nyama, jambo ambalo wataalamu hawakulitarajia. Huila mbichi, wakitafuna majani pamoja nayo, na kwa jumla sokwe hutumia takriban saa sita kwa siku kutafuna chakula chake. Richard Wrangham, aliyeanza utafiti wake hukohuko Gombe, aliandika mwaka 2009 kwamba kupika ndiko kulikompa binadamu utumbo mfupi, meno madogo na ubongo mkubwa. Wapo wanaobishana naye juu ya tarehe, kwa kuwa majivu ya zamani ni machache: katika pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, yana miaka milioni moja hivi. Hata hivyo hakuna jamii ya watu inayojulikana leo isiyopika.

Jaribio moja limenikaa sana akilini kwa sababu lilitumia nyama ya mbuzi. Katherine Zink na Daniel Lieberman wa Harvard waliwapa watu nyama mbichi ya mbuzi waitafune, na mwaka 2016 wakachapisha walichokiona. Nyama isiyokatwa haikukatika. Mtu alitafuna na kutafuna, na donge likabaki donge. Ilipokatwa vipande vidogo kwanza, meno yaliweza kuimaliza. Nilipomsomea mpwa wangu habari hiyo aliitikia haraka, "Ndiyo maana mimi naikata nyembamba, Mjomba." Nikamwambia basi tayari ameshakubali kwamba chakula cha binadamu huanza mikononi kabla ya kufika mdomoni, na kilichobaki kati yetu ni kujua mikono hiyo iishie wapi.

Watu wa Kitangari wangeweza kuwafundisha wapenzi wa vyakula vibichi mambo mengi, na wangeanzia kwenye korosho. Zao hili ndilo linalosomesha watoto wetu na kuezeka nyumba zetu, na ganda lake lina mafuta makali yanayochubua ngozi. Mwanamke aliyebangua korosho bila kujikinga utamjua kwa vidole vyake. Ili kiini kitoke salama, korosho hukaangwa au hupitishwa kwenye mvuke kwanza. Hata zile zinazouzwa Ulaya na Marekani katika maduka ya vyakula vibichi kwa kawaida zimeguswa na joto, na mara nyingi zimepita kwenye vidole vya mama fulani ambaye mnunuzi hatamwona kamwe.

Muhogo nao una somo zito zaidi. Mihogo michungu huvumilia udongo wetu wa kichanga na nguruwe hawaikimbilii, lakini ina sumu ya sayanidi. Mama zetu huimenya, huilowesha au kuianika ikawa makopa, huitwanga, huchekecha, hupika. Njaa inapobana na hatua hizo zikafupishwa, watu hupooza miguu kwa maradhi yaitwayo konzo, na kupooza huko hakuponi. Wilaya ya Mbinga ilipatwa na konzo mwishoni mwa miaka ya 1980, ikapatwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mara hiyo hata vijiji vya wilaya ya Mtwara vikaguswa. Watafiti walihesabu wagonjwa 238 kwa jumla, wengi wao watoto na wanawake vijana. Kinga iliyofundishwa vijijini haikuwa kidonge. Ilikuwa kuloanisha unga, kuutandaza mwembamba, kuuacha saa kadhaa sumu ipande hewani, ndipo usongwe ugali. Ninapowaza kazi hiyo yote, inayofanywa na wanawake kabla sisi hatujanawa mikono, siwezi kukubali kwamba kupika ni uharibifu wa chakula.

Nyama mbichi ina wenyewe Afrika Mashariki, na hao nawaheshimu. Mmasai akichinja hula figo mbichi palepale, na damu huchanganywa na maziwa. Ethiopia wana kitfo, na wana tere siga, nyama ya ng'ombe aliyechinjwa muda si mrefu, inayokatwa mbele ya wageni kwenye harusi na sikukuu za kufungua mfungo. Lakini tazama walivyoizungushia desturi. Nyama ni ya mnyama aliyeonekana akiwa hai. Inaliwa mara moja, kwa pilipili, na watu wengi pamoja. Na kwa karne nyingi Waethiopia wamelipa gharama yake: minyoo ya tegu imekuwa ya kawaida kwao kiasi kwamba maua ya mti wa kosso yalinywewa mara kwa mara kama dawa ya kuitoa. Wamasai nao, wanapojitenga porini kwenye orpul kula nyama na kupata nguvu, huchemsha supu kwa magome na mizizi waliyoichagua kwa uangalifu. Mpwa wangu amechukua nyama mbichi peke yake. Hakuchukua rika, wala mchinjaji anayemjua, wala mti wa kosso. Anakula peke yake chumbani, nyama ya ng'ombe asiyemjua.

Hatari zenyewe sitazirefusha. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa iliua watu zaidi ya 100 katika nchi yetu, na miongoni mwa njia zake ni kushika damu ya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja na kula nyama isiyoiva. Kimeta na homa ya kutupa mimba zipo. Kugandisha nyama huua baadhi ya mabuu ya tegu lakini bakteria wengi hulala tu, wakingoja joto. Huku kusini, Julai 2022, watu 20 waliugua homa ya mgunda wilayani Ruangwa, si mbali na Masasi, na 3 wakafariki; ugonjwa huo hubebwa na wanyama, panya wakiwemo, na huenea kwa mkojo wao kwenye maji na udongo. Wanaochuna samaki nchanga wananisikia. Kwenye uwanda ambao maji yake husukumwa kwa pampu kutoka Mitema, bondeni Kitangari, na siku nyingine bomba hukauka, moto umetufanyia kazi ya usafi ambayo maji hayakutosha kuifanya. Na dini zetu zimeongeza uzio wake: Mwislamu ameharamishiwa damu iliyomwagika, na Mkristo akifungua Matendo ya Mitume, sura ya 15, atakuta mitume wakiagiza watu wajiepushe nayo.

Lakini si magonjwa yaliyonifanya niandike makala hii. Ni bibi yangu mzaa mama.

Nilipomfahamu alikuwa amebakiwa na meno mawili ya mbele, na aliishi nayo miaka mingi. Nyumbani kwetu maini yalikuwa yake kwa sababu ni laini. Siku ya nyama, sufuria iliyotangulia kuinjikwa na ya mwisho kuipuliwa ilikuwa yake. Mama aliichemsha nyama mpaka ikachambuka kwa vidole, akaitwanga kidogo kwenye kinu, akairudisha kwenye mchuzi wa mbaazi. Mdogo wangu aliyekuwa anaota meno alilishwa kutoka bakuli hilohilo. Nyama ngumu ya kutafuna tuliachiwa sisi wenye meno. Hakuna aliyetuambia kwamba hiyo ni adabu. Ndivyo jiko la nyumbani lilivyopangwa, na moto ndio uliowezesha mpangilio huo.

Niliposoma habari za Dmanisi, nchini Georgia, nilimkumbuka. Huko lilipatikana fuvu la mtu wa kale mwenye umri wa karibu miaka milioni 1.8, rika moja na wale wa Olduvai, na mwaka 2005 wataalamu walitangaza kwamba alikuwa amepoteza meno yote isipokuwa moja, na matundu ya mengine yalikuwa yameshaziba. Aliishi miaka kadhaa hivyo. Hakuna ushahidi wa moto mahali hapo. Huenda alijipondea mwenyewe uboho na vyakula laini, huenda mwingine alimpondea. Mimi naamini alisaidiwa, ingawa siwezi kulithibitisha hilo. Ninachojua ni kwamba tangu zama hizo, mtu asiyeweza kutafuna alikuwa na njia ya kuishi, na njia hiyo ilipita kwenye jiwe na mkono.

Kwa hiyo nikipima chakula, sianzi na swali kama wazee wa kale walikila. Nauliza kinaweza kulisha nani. Sahani ya mpwa wangu inamlisha kijana wa miaka 28 mwenye meno 32, mshahara, friji, umeme usiokatika sana, na hospitali iliyo umbali wa bajaji. Haiwezi kumlisha mama yake, ambaye ni dada yangu, na ana sukari na meno yanamuuma. Haiwezi kumlisha mjamzito, ambaye tumbo lake halipaswi kubahatishwa na vimelea vya toksoplasma wala bakteria wa listeria. Haiwezi kumlisha mtoto anayeachishwa ziwa. Ikitolewa kwenye matanga, nusu ya waombolezaji wataondoka na njaa.

Nilimwambia hayo yote, tena kwa upole, maana kijana anayejali anachokula ni bora mara nyingi kuliko asiyejali kabisa. Hakukubali kila kitu. Alisema ataacha mayai mabichi na nyama ya ng'ombe asiyejua ametoka wapi, lakini soda na chipsi hatarudia, na hapo nilimpongeza. Mwishoni mwa mwaka, korosho zikishapelekwa ghalani, tuna jando la watoto wa ukoo na yeye atapanda basi kuja. Tumeshagawana kazi. Mbuzi atachinja yeye, mimi nikimshikia miguu. Atauliza kwanza kama mkaguzi wa nyama amempitisha. Na sufuria ya wazee atakaa nayo yeye mwenyewe, achochee kuni, aongeze maji, mpaka mama yake aonje na kusema imeiva.