Baba na Binti Zake



Tarehe 19 Machi 2021, Mama Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais, nilikuwa dukani kwa jirani hapa Mafinga, wanaume kama saba tumeizunguka redio. Mmoja akasema, "Sasa hata binti yangu aweza kufika." Sote tukaitika. Nami niliitika kwa sauti, kisha nikanyamaza, maana nilimkumbuka binti yangu wa kwanza.

Mwaka 2009 alimaliza darasa la saba akafaulu. Kaka yake alikuwa kidato cha pili. Fedha ya mbao haikutosha karo ya wote wawili, wala sikumwuliza mtu. Nilimpeleka Dar es Salaam kufanya kazi za nyumbani, kama wazazi wengi wa Mufindi tulivyozoea. Mama yake alilia. Nikasema ndiyo desturi.

Basi swali langu ni hili: je, baba aweza kumtumainia binti yake makuu, naye hayuko tayari kumsikiliza katika madogo? Tumaini la namna hiyo halimgharimu mtu kitu. Ni rahisi kumshangilia binti wa mwenzako akiwa Bungeni.

Bi. Anne Makinda ni mtu wa Njombe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa ndani ya Mkoa wetu wa Iringa. Aliingia Bungeni mwaka 1975, na Novemba 2010 akawa Spika, mwanamke wa kwanza nchini kukalia kiti hicho. Hesabuni miaka hiyo: ni 35! Mama Samia naye alianza na ukarani huko Zanzibar mwaka 1977. Uongozi hawakuuokota njiani. Ilibidi kwanza wasome, waseme mbele za watu, wakosee na kujaribu tena. Mambo hayo mtoto huyaanza nyumbani, au hayaanzi kabisa.

Sisemi kwamba mwanamke hutawala vema kwa kuwa ni mwanamke. Wao nao hukosea, na yatupasa kuwapima kwa kazi zao kama tuwapimavyo wanaume.

Wako wasemao kuwa mume ni kichwa cha nyumba, kwa hiyo binti asizoezwe kutoa shauri. Someni Hesabu 27. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na wakuu wote, wakadai urithi wa baba yao aliyekufa bila mwana, na Mungu akalikubali neno lao. (Sura hiyo sijaisikia ikihubiriwa mara nyingi, na sisi wazee wa kanisa tunajua sababu.)

Juzi nilikuwa nikiuza mbao kwa mgeni. Binti yangu mdogo, aliye kidato cha nne, akasema mbele yake, "Baba, hesabu hiyo siyo." Uso ulinipata moto. Neno la kumnyamazisha lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza, tukafungua daftari, tukahesabu upya sote watatu. Mbao zilikuwa 210, nami nilikuwa nimeandika 190.

Mgeni alicheka akalipa. Binti akarudi jikoni, wala hakuona kwamba limetendeka jambo kubwa.

Dada yake sijamwomba radhi bado. Ameandika kwamba atakuja Krismasi.