Nehemia Alizunguka Usiku

Somo: Nehemia 2, 11–18

Nehemia alipofika Yerusalemu hakuhutubu siku ya kwanza. Alikaa siku tatu, kisha akaondoka usiku pamoja na watu wachache, akauzunguka ukuta uliobomoka, hata akafika mahali ambapo mnyama wake hakupata njia ya kupita. Baada ya kuona kwa macho yake, ndipo alipowaambia wazee shauri lake. Sisi twapenda kuanza na hotuba. Twasema, “Vijana wa siku hizi wameharibika,” na wote waitikia, wala hakuna aulizaye ni vijana wangapi, ni wa nani, nao wamegombania nini.

Sikilizeni habari za mji wa Boston, huko Marekani. Tangu 1990 hata 1994 waliuawa huko watu 155 wa umri wa miaka 21 au chini yake, kwa bunduki au kwa kisu. Wengi wa waliowaua walikuwa vijana wenzao. Mwezi wa Mei 1992, katika Kanisa la Morning Star Baptist, watu walikuwa katika ibada ya maziko ya kijana mmoja aliyeuawa. Vijana wengine wakaingia na ugomvi wao mumo humo kanisani, wakampiga kijana mmojawapo wa waliohudhuria na kumchoma kisu.

Wachungaji wa mji wakaona haya, kwa kuwa waliwajua wazee waliojaa vitini, bali wale walioingia na visu hawakuwajua. Basi baadhi yao, na miongoni mwao Eugene Rivers, Ray Hammond na Jeffrey Brown, wakaanza kutembea mitaani usiku wa Ijumaa, saa nne hata saa nane. Brown amesimulia ya kuwa kwanza vijana waliwatazama tu, waone kama watarudi. Wakarudi.

Hata mwaka 1995 wakaja wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, ndio David Kennedy, Anthony Braga na Anne Piehl. Wangaliweza kukaa na vitabu vyao, lakini walichukua orodha ya wafu, wakaketi chumba kimoja na askari polisi, na maofisa wa wafungwa wa nje, na watumishi wa mji waliozoea kushinda na vijana njiani. Jina kwa jina wakauliza: Huyu mwamjua? Alikufaje? Ugomvi ulikuwa wa nani na nani? Kisha wakachora ramani ya mitaa na magenge yake.

Wakaona magenge 61, yenye watu karibu 1,300. Katika vijana mia wa mji ule, hao hawakufika hata mmoja. Lakini katika kila vifo mia vya vijana, sitini au zaidi vilitokana na magenge hayo. Fikirini neno hili, enyi wazazi. Mji mzima uliwaogopa vijana wote, na kumbe waliokuwa wakiuana ni wachache wenye majina na makwao! Tena wengi wa hao wachache walichukua bunduki kwa kuwa wenyewe waliogopa. Orodha peke yake isingalionyesha hofu hiyo. Ilionekana kwa sababu waliowajua vijana walikuwamo chumbani.

Tangu Mei 1996 vijana wa magenge waliitwa, wakaambiwa wazi: mauaji yakome, atakaye msaada, upo, na genge litakaloua litashikwa lote na sheria. Mchungaji na askari walisema neno moja. Hesabu ya wataalamu hao ilionyesha ya kuwa vifo vya vijana kwa mwezi vilipungua kwa 63 katika mia. Wengine waliuliza kama yote ni matunda ya kazi hiyo, maana miaka ile mauaji yalipungua katika miji mingi ya Marekani. Ni haki yao kuuliza.

Wewe mwalimu wa usharika, unacho kitabu cha Kipaimara. Kifungue, usome majina ya wale ambao hujawaona tangu siku ile walipovaa nguo nyeupe. Mama zao wajua walipo. Lakini angalia, usiwahesabu kama mpelelezi. Kijana akijua ya kuwa wamwandika ili umshitaki, hutamwona tena.

Nayo kazi ya Boston ilikatika mwaka 2000. Walioianza walihamia kazi nyingine, mikutano ikakoma, na katika miaka iliyofuata mauaji yakaongezeka tena, hata ikawalazimu kuianza upya mwaka 2007. Nehemia naye alikwenda kwa mfalme, na aliporudi Yerusalemu alikuta Tobia, adui wa kazi ile, amepewa chumba ndani ya nyumba ya Mungu. Akavitoa vyombo vya Tobia vyote, akavitupa nje, akaagiza chumba kisafishwe.