Je, Yadumuyo Ndiyo Mema?

Mtu alimaye katika nchi ya Buhaya, pande za Kemondo au Maruku, pengine jembe lake hugonga kitu kizito, cheusi, chenye vitundu vitundu. Hukiokota, hukitazama, kisha hukitupa kando ya mgomba. Kitu hicho ni mavi ya chuma, yaani takataka iliyobaki zamani watu walipoyeyusha mawe ili kupata chuma. Neno nitakalo kuwauliza leo latoka katika jiwe hilo lililotupwa: Je, jambo likidumu, kudumu kwake kwaonyesha kuwa ni jema? Na likikoma, kukoma kwake kwaonyesha kuwa lilikuwa duni?

Katika karne ya 19 wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani walijibu upesi. Mmoja wao, Lewis Henry Morgan, alitoa kitabu mwaka 1877, akayapanga mataifa yote kama watu waliosimama katika vidato vya ngazi moja: chini washenzi, juu yao wasiostaarabika bado, na juu kabisa wastaarabu. Kuyeyusha chuma alikuhesabu kuwa alama ya kidato kimojawapo cha juu. Lakini angalieni, ndugu: ni nani aliyeitengeneza ngazi hiyo? Ni yule yule aliyejiweka juu yake. Mwenye kupima akiwa ndiye kipimo, hakuna atakayemzidi urefu.

Mwaka 1969 mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, alianza kazi Buhaya. Hakuanza kwa jembe, alianza kwa kusikiliza. Wazee walimwambia habari za mti mtakatifu wa Kaiija, huko Katuruka, na za Mfalme Rugomora Mahe, ambaye husimuliwa kwamba aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni, nao ukaanguka. Msomaji wa Biblia atakumbuka mnara mwingine. Mtu mwenye haraka angalisema, Hizo ni hadithi tu. Schmidt alichimba mahali palipotajwa na wazee, akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya kale sana, ya miaka ipatayo 2,000 na zaidi. Kumbe mahali pale palikuwa pamekumbukwa, ingawa mfalme yule wa hadithi aliishi nyuma ya wahunzi wale kwa karne nyingi.

Mwaka 1976 wazee waliojua kazi hiyo tangu ujana wao walijenga tanuru tena. Walichimba shimo, wakachoma matete ya bwawani ndani yake, wakainua kuta za tanuru, wakaingiza mirija ya udongo mpaka ndani, wakavuta mivukuto. Schmidt na mwenzake Donald Avery, fundi wa elimu ya madini, walipima moto, na mwaka 1978 wakaandika kwamba hewa ilipata joto ndani ya mirija kabla ya kufika motoni, hata joto la tanuru likapanda sana. Habari hiyo ilienea duniani. Wengi walifurahi, maana ngazi ya zamani ilikuwa imetikisika.

Lakini imetupasa kusema kweli yote. Wataalamu wengine, kama J. E. Rehder na David Killick, walipinga, wakisema kwamba kuipasha hewa joto kwa njia hiyo hakukuthibitishwa. Mimi sioni kwamba heshima ya wahunzi wale yategemea mwisho wa mabishano hayo. Tukisema, Mababu zetu walistahili heshima kwa sababu walikuwa juu kuliko Wazungu wa wakati wao, basi ngazi hatukuivunja. Tumebadilisha tu aliyekaa juu.

Ngazi hiyo mara nyingi huhusishwa na jina la Darwin, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1859. Lakini ndani ya fundisho lake la uteuzi hamna ngazi. Lasema mambo matatu tu: viumbe hutofautiana, tofauti hurithiwa, na baadhi huzaa zaidi kuliko wengine mahali walipo. Wataalamu wa siku za baadaye, kama Robert Boyd na Peter Richerson mwaka 1985, na Stephen Shennan mwaka 2002, walilitumia fundisho hilo kueleza mageuzi ya desturi.

Mkulima wa kibanja atalielewa bila shida. Mgomba wetu haupandwi kwa mbegu, hupandwa kwa chipukizi. Mwenye shamba huangalia: huu hustahimili upepo, ule una ndizi tamu. Huhamisha chipukizi la huu, huliacha la ule. Baada ya vizazi vingi shamba limegeuka, wala hakuna aliyeiona siku lilipogeuka. Ndivyo zilivyo na desturi. Ila chipukizi hutoka kwa mama yake tu. Mtu hujifunza kwa mama, kwa jirani, na hata kwa mgeni aliyeshuka melini jana.

Fundisho hilo lafaa kwa kueleza. Hatari yaanza tunapolifanya hakimu, tukasema: yaliyobaki yamestahili kubaki. Tazameni mambo mawili ya nchi hii. Kuyeyusha chuma kulikoma. Je, kulikoma kwa ubaya wake? La. Majembe ya viwanda yalikuja kutoka ng'ambo kwa bei rahisi, na kazi yenye kutaka makaa mengi na jasho jingi ikaachwa. Wahunzi wakaendelea kufua vyuma chakavu. Na nyarubanja? Desturi hiyo, ambayo mkulima alikaa katika ardhi ya bwana na kumlipa sehemu ya jasho lake, ilidumu siku za wafalme, siku za Wajerumani na siku za Waingereza, mpaka ikaondolewa kwa sheria katika miaka ya 1960. Ilidumu sana. Je, ilikuwa haki kwa kuwa ilidumu? Mwulize mjukuu wa aliyeilipa.

Basi kudumu hutuonyesha nguvu ya jambo, hakutuonyeshi wema wake. Magugu nayo hudumu. Wema twaupima kwa swali jingine: Jambo hili lamfanyia nini jirani yangu, hasa aliye mnyonge? Swali hilo halijibiwi na mchanga wala na makaa ya kale. Sisi wenyewe twapaswa kulijibu, kwa maana tu wakulima katika shamba hili, wala si migomba. Chipukizi lipi tutalihamisha na lipi tutaling'oa, ni kazi ya mikono yetu, na hesabu yake tutaitoa.

Kwa hiyo, ndugu, jembe likigonga jiwe jeusi, msilitupe upesi. Liokoteni, mmpelekee mzee wa kijiji, mkaulize. Wengi waliojua wamekwisha kulala. Msiulize ili kujisifu, wala msione haya. Ulizeni kwa sababu mtu aliyeushika mvukuto ule alikuwa mtu kama ninyi, aliyewaza, aliyechoka, na aliyewafundisha watoto wake.