Mchezo wa Mtoto na Ulimbo wa Mwalimu

Mwezi huu twapenda kufikiri pamoja nanyi juu ya jambo linaloonekana kuwa dogo, yaani michezo ya watoto ambao hawajafikia umri wa kukaa darasani. Labda mtu atasema, "Mchezo wa watoto una nini hata uchukue nafasi katika gazeti?" Twamwomba asitupite upesi. Ndani ya jambo hili mna swali ambalo wenye hekima waliliuliza tangu zamani, nalo lamgusa kila mzazi na kila mwalimu: Je, ni haki kumfundisha mtoto kwa hila, kumpa mchezo kumbe ndani yake tumetia somo, kama mwinda ndege apakavyo ulimbo katika kitawi?

Swali hili lilitujia tulipokuwa wageni katika kisiwa cha Pemba. Wengi wenu hamjafika huko, basi yafaa tuwaeleze kidogo. Pemba ni nchi ya vilima na mabonde; vilimani mna mikarafuu, mabondeni mna mpunga, na pande zote ni bahari. Kazi za akina mama wa huko hazingoji. Mpunga ukianza kuzaa hapana budi kuamia ndege. Karafuu zikikomaa hapana budi kuchumwa kabla hazijafumbuka, la sivyo zimeharibika. Nao walimao mwani hufuata maji ya bamvua, maana bahari isipotoka shamba lao halionekani. Basi mtoto wa miaka 3 au 4 humfuata mama yake, au huachwa kwa bibi yake, au hubebwa na dada yake ambaye naye ni mtoto wa miaka 9. Huko ndiko anakojifunza mambo yake ya kwanza, wala hakuna aliyemwandikia ratiba.

Tazameni avichezeavyo. Hana kitu cha dukani, lakini ana vifuu vya nazi, ana makumbi, ana kuti, ana udongo na mchanga na kome za pwani. Kifuu ni chungu asubuhi, adhuhuri ni kibaba cha kupimia mchanga, jioni ni kofia. Vifuu viwili vikigonganishwa ni ngoma. Ukuti mmoja mikononi mwa dada yake wageuka saa, kisha miwani, kisha tiara ndogo inayozunguka kwa upepo. Na wakati wa karafuu, bibi aketi jamvini akichambua, karafuu huku, makonyo kule, na mjukuu ajipenyeza ubavuni pake achambue naye. Mwanzo avichanganya tena vyote, bibi acheka, azitoa upya. Baada ya siku chache vidole vyake vyajua. Hakuna aliyemwambia kwamba leo ni somo la kutenganisha vitu vya namna mbili. Aliambiwa tu, "Njoo, mume wangu, nisaidie," kama bibi wa pwani wanavyowatania wajukuu wao. Nao watoto wakubwa kidogo hucheza mdako: kijiwe kimoja hurushwa juu, na kabla hakijaanguka vingine huzolewa kutoka katika kishimo, kisha hurudishwa vyote isipokuwa vile vinavyotakiwa. Asiyejua hesabu katika mchezo huo hushindwa, na kushindwa kwenyewe ndiko kunakomfundisha, si fimbo.

Lakini zama hizi wako watu waliotaka michezo hiyo iingie katika malezi kwa taratibu. Katika miaka ya 1980 kule Mombasa, Bi Swafiya Said na wenzake, wakisaidiwa na Shirika la Aga Khan, walianza kuwafundisha akina mama wa mitaa kuwa walimu wa shule za watoto wadogo zilizofungamana na madrasa. Mwaka 1990 kazi hiyo ilianzishwa Zanzibar, na mwaka 1993 Uganda. Vifaa vyao havikuagizwa mbali. Walitumia vifuu, kokwa, mbegu, vifuniko vya chupa na vibao. Kisha, tangu mwaka 2006, Wizara ya Elimu ya Zanzibar pamoja na wasaidizi wake kutoka Marekani walitengeneza vipindi vya redio kwa watoto wadogo. Watoto walikusanyika barazani au chini ya mti, mlezi mmoja wa kijiji akawasha redio, nayo redio ikawaita waimbe, waruke, wahesabu, wajibu. Vituo hivyo viliitwa Tucheze Tujifunze.

Tulisimama sana juu ya jina hilo. Ni maneno mawili tu, wala hapana neno kati yake. Mtu aweza kulifahamu hivi: tucheze, na tena tujifunze, yaani mambo mawili yakaayo pamoja kama ndugu. Lakini msarufi atatuambia kwamba katika Kiswahili neno la pili laweza kubeba maana ya "ili": tucheze ili tujifunze, kama tusemavyo "njoo ule". Hapo mchezo si ndugu tena, bali ni mtumwa anayetumwa sokoni, naye akirudi mikono mitupu atagombezwa. Ni ipi maana ya kweli? Sisi twaona kwamba kazi yote ya kulea watoto wadogo imo katika kuchagua kati ya hizo mbili.

Wenye hekima wa kale hawakuwa na neno moja. Plato Myunani, katika kitabu chake cha Sheria, aliona kwamba mtoto atakayekuwa mjenzi afaa kucheza kwa kujenga vijumba, na wamleao wampe vyombo vidogo vinavyofanana na vyombo vya kazi. Shauri hilo Wapemba hawakungoja kuletewa. Mtoto wa mvuvi apata kingalawa chake cha kumbi kabla hajajua kuogelea. Mwingereza John Locke, katika kitabu chake juu ya malezi kilichotoka mwaka 1693, alisema jambo ambalo lingewafurahisha akina mama wengi: kwamba kijiwe laini, au kipande cha karatasi, au funguo za mama, vyamtosha mtoto mdogo kuliko vitu vya thamani vya madukani, na kwamba wingi wa vitu vya kununuliwa humfanya mtoto awe na tamaa. Hapo twamkubali kabisa. Lakini Locke huyo huyo alishauri herufi zibandikwe juu ya dadu, mtoto afanyiwe hila ya kuzijua, asitambue kwamba ni kitu kingine ila mchezo. Hapo ndipo tunapositasita.

Twaeleza sababu. Huko Wete tulikuwa na jirani, mama mwenye bidii. Alikuwa amesikia katika mkutano wa wazazi kwamba vifuu vyafaa kuwafundishia watoto. Akakusanya vifuu vingi, akavikwangua kwa kigae cha chupa hata vikang'aa, akaandika juu ya kila kimoja herufi kwa rangi nyekundu. Kazi hiyo ilimchukua siku mbili, usiku, baada ya kutoka pwani. Mwanawe wa miaka 4 alipoviona alipiga kelele kwa furaha. Akavipanga kimoja juu ya kimoja, akavitia mchanga, akavipindua. Mama akasema, "Sivyo hivyo, mwanangu. Hiki ni nini? Sema, A." Akasema, A. Akakichukua kingine apike. "Na hicho? Sema." Ikawa kila kifuu akigusacho ni lazima akilipie kwa jibu. Siku ya tatu alisimama, akamtazama mama yake, akauliza, "Mama, hivi ni vifuu au ni chuo?" Kisha akaenda nyuma ya jiko, akachagua katika jaa vifuu vingine visivyo na maandiko, akaketi peke yake akacheza.

Mama yule alisikitika, akatuambia, "Mtoto wangu hapendi kusoma." Sisi hatukuona hivyo. Tuliona mtoto aliyegundua ulimbo. Wala hakuchukia herufi, alichukia kunyang'anywa. Maana kitu kikiitwa mchezo, kimeitwa cha mtoto: ni yeye aanzaye, ni yeye akomaye, ni yeye asemaye kwamba leo hiki ni chungu. Tukimpa kitu tukamwambia ni chako, kisha tukakaa juu yake kama mtoza ushuru, tumesema uongo, hata kama herufi tulizoandika ni za kweli. Na mtoto ambaye amedanganywa mara nyingi kwa vitu vidogo atajifunza jambo ambalo hatukukusudia, ndilo hili, kwamba furaha ipewayo na watu wazima ina ndoana ndani yake.

Je, basi, tusiwafundishe? Hatusemi hivyo. Tazameni tena jamvi la bibi. Pale kutenganisha karafuu na makonyo hakukufichwa ndani ya mchezo. Kulikuwa ndiko mchezo wenyewe, na tena ndiko kazi yenyewe, na bibi alikuwa akiifanya kweli, si kwa kujifanya. Mdako nao hauna hesabu iliyopakwa juu yake kama rangi. Ukiiondoa hesabu hakuna mdako. Hii ndiyo alama tunayoitumia sisi kupambanua. Mchezo ambao ukiondolewa somo unabaki vile vile, na somo ambalo likiondolewa mchezo linabaki vile vile, viwili hivyo vimefungwa kamba tu, na mtoto ataifungua. Lakini pale ambapo kujua ndiko kunakofanya mchezo uendelee, hapana hila yo yote, maana mtoto mwenyewe ndiye anayetaka kujua.

Baba mmoja alitujibu kwa ukali, na neno lake tunaliheshimu. Alisema, "Maneno haya ni ya watu walioshiba. Wa mjini wenye fedha watoto wao wanaingia shule wakijua kusoma. Wangu akiingia hajui A, atakaa nyuma siku zote. Nami mniambie nimwache acheze vifuu?" Hatuna jibu jepesi. Ni kweli kwamba mtoto maskini hukadiriwa siku ya kwanza, na aonekanaye mzito hana wa kumtetea. Ila twamwomba baba huyo aangalie kwamba mtoto wa vifuu, akiwa ana mtu mzima wa kuongea naye, huingia darasani na maneno mengi kinywani, amezoea kungoja zamu, kutega vitendawili na kutegua, kusikiliza hadithi hata mwisho. Herufi zitashika haraka mahali palipo na maneno. Lakini huyo mtu mzima wa kuongea naye ndiye adimu, nasi hatuwezi kumlaumu mama aliyeko pwani kiunoni katika maji.

Tena kuna mambo ambayo vifuu haviwezi. Mwaka 2001 ilichapishwa habari ya uchunguzi uliofanyika Kengeja, kusini mwa Pemba, kwa watoto 614 wenye umri wa miezi 6 hata miezi 59. Waliopewa dawa yenye madini ya chuma kwa muda wa mwaka mmoja walionekana kuendelea zaidi katika maneno; na wale ambao damu yao ilipungua sana tangu mwanzo waliendelea pia katika mwendo wa viungo. Yaani mtoto mwenye upungufu wa damu huketi kimya pembeni, nasi twamwita mpole! Kumpelekea huyo mchezo wa herufi kabla ya chakula na dawa ni kutomwona. Na yule dada wa miaka 9 ambebaye, ambaye tumemtaja mara mbili kana kwamba ni kiti, naye ni mtoto. Ukuti alioufanya saa kwa ajili ya mdogo wake ndio mchezo wake pekee kwa siku nzima, na kiti chake darasani hakina mtu. Wale wanaosifu michezo ya nyumbani, nasi tumo, husahau kuuliza ni nani anayeilipia.

Turudi kwa jirani yetu. Hakuvitupa vifuu vyake vyekundu. Aliviacha upenuni kwa kuwa alikuwa amechoka, wala hakuuliza tena kitu. Siku ya kuondoka kwetu tulimkuta yule mtoto amefungua duka chini ya mwembe. Vifuu vyekundu na vifuu vya jaa alikuwa amevichanganya vyote, ndani vina mchanga, majani na maganda ya muhogo. Mama alirudi kutoka pwani, kanga yake ingali mbichi, akachutama mbele ya duka.

"Hodi mwenye duka. Hiki cha M mwauzaje?"

"Hicho mchele," akasema mtoto. "Komwe tatu."

Mama akamhesabia mkononi komwe mbili, akanyosha mkono achukue. Mtoto akakivuta kifuu kifuani pake.

"Bado moja, mama."